Nimekutwa na HLA-B27 lakini siumwi: je, ni lazima nije kuugua?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Amehangaika na mgongo tangu akiwa na miaka 22, na ni mwaka huu tu ndipo alipoambiwa ana ankilosingi spondilaitisi na kwamba kipimo chake cha HLA-B27 ni chanya. Hofu ilinishika, nikaenda kupima na mimi, jibu likatoka chanya. Nina miaka 38, mgongo hauniumi, sijawahi kuvimba kiungo chochote. Je, ndiyo nasubiri siku yangu ifike? Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 6: niwapime? Halafu kuna vipimo vya mate vinauzwa, wanasema vinaonyesha hatari ya magonjwa yote ya kinga. Vina maana?

Jibu: Dada, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hapana, husubiri siku yoyote. Watu wengi sana wenye HLA-B27 huishi hadi uzeeni bila kuugua ugonjwa wa mdogo wako, yaani mchochota (uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili) wa uti wa mgongo. Tena ugonjwa huu hupenda kuanza ujanani, mara nyingi katika miaka ya ishirini, na ni nadra kuanza baada ya miaka 45. Wewe una 38 na mgongo mzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya kipindi cha hatari umeshaivuka. Hatari yako si sifuri, na hesabu yake nitakupa. Lakini karatasi uliyonayo haisemi kwamba unaumwa, wala haisemi kwamba utaumwa. Inasema umerithi aina fulani ya protini, basi.

Protini yenyewe ni ya namna gani? Kila seli yenye kiini mwilini huvunja protini zake za ndani vipande vipande, kisha huvitoa vipande hivyo nje na kuvionyesha. Kinachovishika ni protini za HLA. Kila moja ina kibonde juu yake, na humo hulala kipande kidogo, mara nyingi cha asidi amino 9 hivi. Seli za kinga ziitwazo seli T hupita zikikagua. Zikikuta kipande cha mwili wenyewe, huendelea na safari yao. Zikikuta kipande cha kirusi, seli ile huuawa. Jeni za HLA ziko kwenye kromosomu ya 6, na hutofautiana kati ya mtu na mtu kuliko karibu jeni nyingine zote tulizonazo. Umbo la kibonde ndilo linaloamua vipande gani vitaonyeshwa na vipi havitaonekana kabisa. B27 ni mojawapo tu ya maumbo hayo.

Uhusiano wake na ugonjwa wa mdogo wako ulitangazwa mwaka 1973 na vikundi viwili vya watafiti, kimoja London na kingine Los Angeles, na ulikuwa mkubwa kupita matarajio: kwa watu wenye asili ya Ulaya, wagonjwa kama 90 kati ya kila 100 wana B27. Hapo ndipo hofu inapozaliwa, kwa sababu mtu akisikia 90 kati ya 100 hudhani ni yeye anayesemwa. Sivyo. Namba hiyo inaanza na wagonjwa kisha inauliza wangapi wana B27. Swali lako linaanza upande wa pili: wenye B27, wangapi wataugua?

Chukua watu 1,000 wenye asili ya Ulaya magharibi. Kama 80 kati yao wana B27. Wenye ankilosingi spondilaitisi katika 1,000 hao ni kama 5. Kati ya hao 5, wanne au wote watano wana B27. Sasa rudi kwa wale 80: walioumwa ni 4 au 5, na waliobaki, kama 75, wana protini ileile uliyo nayo wewe na wanaendelea na maisha yao, wengi wao wasijue hata kwamba wanayo. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, lakini nimeona watu wazima wakilia kwa sababu hakuna aliyeketi nao kuifanya.

Kwako kuna jambo la kuongeza, nami sitakuficha. Ukiwa na B27 na papo hapo una ndugu wa damu aliyeugua, hatari hupanda. Makadirio ya kawaida ni kati ya asilimia 10 na 20. Sababu ni kwamba B27 haifanyi kazi peke yake. Imekadiriwa kwamba inabeba kama sehemu moja kati ya tano ya urithi wa ugonjwa huu, na maeneo mengine zaidi ya 100 kwenye jeni zetu huongeza kidogokidogo. Wewe na mdogo wako mmegawana mengi ya hayo. Hata hivyo asilimia hizo ni za maisha yote, zinahesabiwa tangu mtu hajafika ujana. Kwa mtu aliyefika 38 bila dalili, kinachobaki ni kidogo kuliko hapo.

Hata pacha wanaofanana, wenye jeni zilezile, hawaugui pamoja kila mara. Katika ankilosingi spondilaitisi, ambao ni miongoni mwa magonjwa ya mchochota yenye urithi mzito kuliko yote, pacha wa mgonjwa huugua kama mara 6 kati ya 10. Katika baridi yabisi ni kama mara 1 au 2 tu kati ya 10. Sehemu inayobaki inatoka kwingineko: vijidudu vya utumbo, moshi wa sigara, maambukizi, na bahati.

Kuhusu vijidudu vya utumbo kuna jaribio ambalo kila mwenye B27 angepaswa kulijua. Mwaka 1990 watafiti waliwawekea panya jeni ya binadamu ya B27. Panya wale wakaanza kuvimba viungo na utumbo, na ikadhihirika kwamba B27 yenyewe inahusika, si jirani yake tu kwenye kromosomu. Mwaka 1994 wakafuga panya wa aina hiyohiyo mahali pasipo na bakteria hata mmoja. Jeni ileile, lakini viungo na utumbo havikuvimba. Mimi nilipousoma utafiti huo nikiwa mwanafunzi, ndipo nilipoacha kusema mbele ya wagonjwa kwamba jeni "inasababisha" ugonjwa. Jeni inaweka mazingira. Kuna kitu kingine kinachotakiwa kuja.

Kitu hicho ni nini hasa kwa binadamu? Tumeanza kukiona. Mwaka 2022 watafiti walichukua seli T kutoka kwenye viungo na macho ya wagonjwa wenye B27, wakakuta baadhi yake zinatambua vipande vya bakteria na pia vipande vya protini za mwili wenyewe vinavyofanana navyo, vyote vikiwa vimelala kwenye kibonde cha B27. Yaani seli iliyofunzwa kumpiga adui inakutana na ndugu mwenye sura ya adui. Kuna jeni nyingine, ERAP1, ambayo kazi yake ni kupunguza urefu wa vipande kabla havijaingia kibondeni. Tofauti za ERAP1 hubadilisha hatari ya ugonjwa huu kwa wenye B27, lakini kwa wengi wasio na B27 haionekani kubadilisha kitu. Mkataji na kibonde wanafanya kazi kwa pamoja. Tena zipo aina nyingi za B27 yenyewe. Ile ya kawaida, B*27:05, na ile iitwayo B*27:09, inayopatikana kisiwani Sardinia, zinatofautiana kwa asidi amino moja tu, ya 116. Ya kwanza imefungamana sana na ugonjwa. Ya pili, kwa shida. Asidi amino moja!

Na usiichukie B27 yako. Wenye B27 walioambukizwa virusi vya UKIMWI kabla ya dawa kupatikana, ugonjwa wao kwa wastani ulikwenda polepole kuliko wa wengine, kwa sababu kibonde hiki hukamata vizuri kipande cha kirusi ambacho kirusi hakiwezi kukibadilisha kirahisi. Hata virusi vya homa ya ini aina ya C, wenye B27 huvifukuza wenyewe mara nyingi zaidi. Huenda hiyo ni sehemu ya sababu protini hii haijafutika kwenye ukoo wa binadamu.

Nina jambo moja ambalo nataka ulisome mara mbili: alama ya jeni haina uzito wake yenyewe, uzito unatoka kwa mwili wa aliyeibeba. Kijana mmoja aliwahi kuja kwangu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua, akaweka kidole juu ya neno "chanya". Alikuwa mwogeleaji. Tangu apate jibu lile, miezi minne nyuma, alikuwa ameacha kuogelea, na usiku analala kwenye godoro gumu, eti asiuchoshe mgongo. Nilimwomba asimame wima, nikamwekea alama ya kalamu usawa wa vishimo viwili vilivyo chini ya kiuno, na nyingine sentimita 10 juu yake, nikashika futi ya fundi cherehani. "Inama, uguse vidole vya miguu." Alama mbili zilisogea mbali hadi zaidi ya sentimita 15. Mgongo unaokaza kwa ugonjwa huu haufanyi hivyo. Nilimuuliza kuhusu usiku, asubuhi, macho na visigino. Hakuna kitu. Kijana mzima alikuwa ameacha jambo bora kuliko yote kwa mgongo wake kwa sababu ya karatasi. Kosa halikuwa lake. Aliyempima ndiye alimtumia majibu bila neno hata moja la maelezo.

Sasa geuza. Mdogo wako mwenye maumivu tangu miaka 22 angepimwa B27 mwanzoni, karatasi ileile ingekuwa dhahabu. Maumivu ya mgongo ya chini yaliyoanza polepole kabla ya miaka 45, yamezidi miezi mitatu, yanamwamsha mtu nusu ya pili ya usiku, asubuhi anakuwa mkavu kama ubao kwa zaidi ya nusu saa, akitembea anapata nafuu na akipumzika anazidiwa: kwa mtu wa namna hiyo, B27 chanya inapandisha sana uwezekano, na humpeleka moja kwa moja kwenye MRI (picha ya sumaku) ya uti wa mgongo na ya maungio yanayouunganisha na nyonga. Wastani wa kuchelewa kugundulika kwa ugonjwa huu ni kama miaka 7. Mdogo wako amekaa miaka 7 kamili. Hilo linaniuma, kwa sababu katika miaka hiyo mifupa ya uti wa mgongo inaweza kuanza kuungana.

Lakini tahadhari kwa wasomaji wengine. Namba nilizotoa juu ni za watu wenye asili ya Ulaya. Kusini mwa Sahara, katika jamii nyingi, B27 haifiki hata mtu 1 kati ya 100, na wagonjwa wengi wenye asili ya huko hawana B27 kabisa. Kwa hiyo mwenye dalili nilizozitaja asikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu "B27 ni hasi". Ndivyo ilivyo pia kwa alama nyingine zinazotajwa sana. Badiliko la jeni PTPN22 linaloongeza hatari ya baridi yabisi na kisukari aina ya kwanza, na yale matatu ya jeni NOD2 yaliyofungamanishwa na ugonjwa wa Crohn (mchochota wa utumbo) mwaka 2001, yote ni ya kawaida Ulaya na karibu hayaonekani Afrika na Asia ya mashariki. Magonjwa yenyewe yapo kote. Ina maana njia za kuyafikia ni nyingi, na nyingi kati yake bado hazijatafutwa kwa watu walioachwa nje ya tafiti.

Hapo nakuja kwenye kipimo cha mate. Kwa kawaida vipimo hivi havisomi jeni zako zote. Husoma vituo vilivyochaguliwa na kukisia aina ya HLA kutokana na majirani zake, kisha hujumlisha hatari kwa kutumia mizani iliyotengenezwa kwa watu wa bara jingine. Hela yako iache mfukoni. Ningekuambia hivyo hata kama vingekuwa sahihi kabisa, maana jibu lake halibadilishi utakachofanya kesho asubuhi.

Ipo alama moja ninayoipenda kwa sababu inasaidia ikiwa hasi. Ugonjwa wa siliaki, ule ambao utumbo hushambuliwa kwa ajili ya gluteni ya ngano, karibu hautokei kwa mtu asiye na HLA-DQ2 wala DQ8. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya, kama theluthi moja wanazo, na wengi wao hawaugui kamwe. Chanya hapa haina maana kubwa. Lakini hasi humwondoa mtu kwenye wasiwasi wa miaka. Ila kwa anayeshuku kwamba anao, asiache ngano kabla ya kupimwa kingamwili kwenye damu, maana akiacha, kipimo cha kingamwili kinaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa upo.

Na usichanganye alama za jeni na zile zinazopanda na kushuka. CRP na ESR zinazopima mchochota kwenye damu, kingamwili za baridi yabisi, kingamwili ya ANA ya lupasi: hizo zinasema kitu kuhusu mwili wako wa sasa, na baadhi yake hurudiwa. B27 hupimwa mara moja maishani. Mtu akikuambia urudie baada ya mwaka uone "kama imeshuka", hajui anachokisema.

Watoto. Kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kuwa amerithi B27 yako. Ushauri wangu ni usiwapime. Mtoto mwenye B27 asiye na dalili hapewi dawa, hazuiwi mchezo, hakatazwi chakula. Kinachobadilika ni jinsi utakavyomtazama kila akianguka. Badala ya damu yao, jua dalili: mtoto anayechechemea asubuhi kisha anapona akianza kucheza, goti linalovimba bila kuumia, kisigino kinachouma mahali mshipa unaposhika mfupa, jicho jekundu. Yakitokea, mpeleke, mwambie daktari kuhusu mjomba wake, na hapo ndipo kipimo kitakuwa na kazi.

Wewe mwenyewe, unaweza kufanya nini na jeni usiyoweza kuibadilisha? Kama unavuta sigara, acha. Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka kwenye baridi yabisi. Jeni yake kuu, HLA-DRB1, ina aina kadhaa zenye kipande kimoja kinachofanana cha asidi amino, ya 70 hadi ya 74, jambo lililopendekezwa mwaka 1987. Watafiti wa Uswidi mwaka 2006 walionyesha kwamba mvutaji aliyerithi kipande hicho kwa wazazi wote wawili alikuwa na hatari ya kama mara 21 ya kupata baridi yabisi yenye kingamwili ya CCP (mojawapo ya kingamwili za ugonjwa huo kwenye damu), akilinganishwa na asiyevuta na asiye nacho. Jeni hazibadiliki, lakini nusu ya pili ya hesabu hiyo iko mkononi mwa mtu. Na kwa ugonjwa wa mdogo wako pia, wanaovuta huenda vibaya zaidi, mwambie.

Mweleze na hili, litampa moyo. Alama hizi zimetusaidia upande wa dawa, ingawa si kwa njia iliyonyooka. Mwaka 2006 ilionekana kwamba badiliko moja kwenye jeni IL23R humkinga mtu na ugonjwa wa Crohn, na baadaye jeni hiyohiyo ikaonekana kwenye soriasisi na kwenye ankilosingi spondilaitisi. Dawa za kuzuia IL-23, kemikali ya kinga inayoshikwa na protini ya jeni hiyo, zinafanya kazi nzuri kwenye utumbo na ngozi. Tukazijaribu kwenye mgongo tukiwa na matumaini makubwa, zikashindwa. Dawa za kuzuia IL-17, ambayo iko hatua moja mbele kwenye njia ileile, zikafaulu. Ramani ya jeni ilikuwa sahihi kuhusu barabara, ikakosea kidogo kuhusu nyumba. Kwa hiyo mdogo wako, ikiwa ibuprofeni au diklofenaki na mazoezi ya kila siku havitoshi, ana dawa za kuzuia TNF (kemikali nyingine ya kinga inayochochea mchochota) na za kuzuia IL-17 za kujadiliana na daktari wake. Kuogelea na kunyoosha mgongo haviachwi hata akianza sindano.

Jambo la mwisho, na hili linawahusu nyote wawili leo hii. Kama nusu ya watu wanaopata mchochota wa ghafla wa sehemu ya mbele ya jicho wana B27, na unaweza kumpata hata ambaye mgongo hautamuuma kamwe. Jicho, kwa kawaida moja, linakuwa jekundu kuzunguka kile kiini cheusi, linauma kwa ndani, haliwezi kuvumilia mwanga, na unaona kama kupitia ukungu. Usinunue dawa ya matone dukani ukasubiri wiki. Muone daktari wa macho siku hiyohiyo au kesho yake, umwambie una HLA-B27. Likichelewa, pazia la jicho (ile sehemu yenye rangi) linaweza kugandamana na lenzi iliyo nyuma yake. Likiwahiwa, matone ya steroidi na ya kupanua mboni hutuliza kwa wiki chache, na mara nyingi jicho hurudi kuona kama zamani.